Mbege ya Uniti Sita

Mpare aliyeoa Uchagani hutaniwa mpaka siku anazikwa. Kwa wakwe zangu wa Kibosho, mimi ni wa kabila linalouza ng'ombe ili lipate nauli ya kesi ya kuku. Nami huwakumbusha kwamba Mchaga hathibitishwi kufa mpaka sarafu idondoshwe karibu na sikio lake asigeuke. Tunacheka, tunakula, maisha yanaendelea. Shida huanza pale utani unapoingia kwenye bajeti ya nyumba, maana mke wangu ni mhasibu. Akiwa hayupo, hapa nyumbani anaitwa Mkaguzi Mkuu.

Mama yake alikuja Dar kutolewa mtoto wa jicho. Alishuka kwenye basi na kimkoba cha nguo na debe zima la ulezi. Wewe mwenye mkwe unaelewa: mgeni wa wiki moja habebi debe la ulezi. Mbele yake namwita Mama, tena kwa shikamoo iliyokamilika. Nyuma yake, mimi na watoto tunamwita Mangi. Machifu walifutwa Tanganyika 1963, ila nahisi tangazo halikufika kwenye kihamba chake.

Upasuaji ulikwenda salama. Daktari alimpa dawa ya matone, miwani myeusi, na sharti kwamba asikae kwenye moshi. Mangi alilipokea sharti hilo vizuri mpaka jioni alipotaka mbege. Shemeji akamletea ya kununua kutoka kilabu kimoja cha hapa Kimara. Akaonja, akafuta midomo kwa ncha ya kanga, akasema hiyo ni juisi iliyolala. Atatengeneza yake.

Sasa, kama hujawahi kuishi na Wachaga, jua kwamba mbege si kitu cha kukoroga jioni na kunywa asubuhi. Ndizi zinaachwa ziive hadi ganda lianze kuwa jeusi, zinamenywa, zinachemshwa kwa saa kadhaa mpaka zigeuke rangi na kuwa nyekundu ya udongo. Zinaachwa zichachuke siku kadhaa. Pembeni, ulezi unaloweshwa, unaoteshwa, unaanikwa na kusagwa kuwa kimea, kisha unapikwa uji. Uji ukishapoa unachanganywa na maji ya zile ndizi yaliyochujwa, na kesho yake watu wanaanza kusalimiana kwa sauti kubwa. Wengine hutia gome la msesewe lilete uchungu. Kazi yote hiyo kijijini inafanywa kwa kuni, na kuni zina moshi. Mkaa nao una moshi wake. Gesi ilikuwepo, lakini mtungi ule uko chini ya himaya ya Mkaguzi Mkuu, na hauwashwi saa tatu mfululizo kwa ajili ya kitu kisicho maharage.

Ndipo nikasema, mbele ya mashahidi, "Mama, nitakutengenezea mtambo wa umeme."

Mangi akaishusha miwani myeusi akaniangalia kwa jicho lile jipya. "Mpare," akasema, "utanunua?"

"Sitanunua, Mama. Nitaunda."

"Nilijua," akasema, akapandisha miwani.

Usidhani wazo hili nilizua mwenyewe. Nina binamu yuko Reading, Uingereza, ambaye kwa miaka sasa anatengeneza bia kwenye banda la bustani. Kule hadi 1963 ulihitaji leseni hata kwa bia ya kunywa mwenyewe nyumbani. Mwaka huohuo wa machifu wetu wao wakaachiwa huru. Marekani walisubiri mpaka 1978, Rais Carter alipotia saini. Tangu hapo wazee wa huko kwa binamu hawajatulia. Wananunua birika za umeme za bei ya chini kabisa, wanang'oa koili, wanazifunga ubavuni mwa ndoo ya plastiki ngumu, na tayari wana kiwanda. Binamu alinieleza haya yote kwa simu huku nikisikia mkewe kwa nyuma akiuliza birika liko wapi. Ndoa ni ileile kila mahali.

Vifaa nilivipata Gerezani. Sufuria kubwa la aluminiamu lenye bonde ubavuni, ambalo muuzaji alisema haliathiri ladha. Koili ya boila ya wati 3,000. Nati mbili na washa za silikoni za kuzuia maji yasivuje pale koili inapopenya. Kisanduku cha Kichina chenye namba nyekundu, ambacho unakiambia unataka joto fulani nacho kinawasha na kuzima koili kwa vipande vidogo vidogo, kikikaribia kinapunguza, kisipitilize. Na rilei ya kuwasha na kuzima, ile isiyo na kitu kinachotembea ndani, kwa hiyo hailii tak tak.

Fundi alikuwa shemeji yangu mdogo, anayefahamika kwa jina la Voltiji. Yeye ni fundi pikipiki, lakini anaamini umeme ni uleule ila huu wa nyumbani una kiburi. Tulitofautiana mapema. Koili ya wati 3,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta ampia 13 zilizonyooka, na plagi ya ukutani iliyochoka ukiifanyisha kazi hiyo saa tatu itakuwa laini kama andazi. Nikataka waya wake peke yake kutoka kwenye breka, waya wa ethi usio wa kubahatisha, na kile kifaa kinachokata umeme wote ukivuja miliampia 30 tu. Voltiji akaona hizo ni mbwembwe za watu wa ofisini. Binti yetu Neema, ambaye yuko kidato cha tatu na anaitwa Injinia, alikuja na daftari la fizikia akamwonyesha mjomba wake miliampia ngapi zinatosha kumzuia mtu asiachie waya. Voltiji akasoma. Akanunua kifaa. Hiyo ndiyo senti pekee ambayo Mpare huyu hakuibania, na naomba iandikwe mahali.

Mkaguzi Mkuu alinisubiri na hesabu zake mezani. Sisi tuko kwenye kundi la watumiaji wadogo: uniti 75 za mwanzo kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya makato, ukivuka hapo ni 350, na ukizoea kuvuka unahamishwa kundi. Uniti 75 gawa kwa siku 30 ni mbili na nusu kwa siku.

"Mtambo wako unakula ngapi?"

Injinia akajibu kwa niaba yangu, bila kuombwa. Lita 25 kutoka nyuzi 27 hadi 97 ni uniti mbili na ushei. Ongeza saa tatu za kushikilia joto. "Kama sita hivi, mama."

"Uniti sita." Mkaguzi alifunga daftari taratibu. "Kwa hiyo siku ya pombe, friji inafunga."

Ungedhani Mangi angenitetea, maana pombe ni yake. Alikuwa bafuni. Alikuwa ameloweka ulezi kwenye beseni la kufulia, akaumwagia juu ya gunia lililotandazwa pale pembeni ya bomba la mvua, akaufunika na gunia jingine, akatangaza kwamba asioge mtu humo mpaka uote. Tulioga uani nyuma ya matanki kwa zamu, tukijimwagia kwa kopo. Mdogo wake Neema, tunayemwita Kwanini kwa sababu ambazo utazigundua ndani ya dakika moja ukikaa naye, alikuwa akiingia kila asubuhi kuangalia vijimzizi na kutoka akikimbia kutoa taarifa. "Bibi, umeota mikia!" Na kweli, ukifunua gunia ulikuta kila punje nyekundu imetoa kijimkia cheupe kilichojikunja, na gunia zima likitoa harufu ya tango lililokatwa na joto la mwili wa mtu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mtu aliyeingia kutafuta mswaki anavyopaswa kusimama.

Kisha likaja suala la chujio. Binamu wa Reading alisema wenzao wa Australia ndio walioanza mtindo wa kupikia ndani ya mfuko: unaweka nafaka kwenye mfuko wa kitambaa, unauzamisha sufuriani, mwisho unauinua wote, uchafu hakuna. Na kitambaa kinachopendekezwa na wajuzi, sikutunga mimi, ni kile chepesi cha pazia la ndani. Kinahimili maji ya moto, kinapitisha majimaji, hakiachi nyuzi. Sebuleni kwetu kulikuwa na mita kadhaa za kitambaa hicho, zimening'inia tu.

Mkaguzi Mkuu aliporudi kutoka kazini jioni ile alikuta dirisha la mbele liko wazi, na jirani wa ng'ambo akitazama taarifa ya habari kwenye televisheni yetu, amekaa kabisa kwenye kiti.

"Baba Neema."

Kuna namna ya kuitwa ambayo unaijibu ukiwa umeshasimama.

"Pazia langu liko wapi?"

"Lipo," nikasema, na lilikuwepo, ndani ya sufuria, limejaa ndizi. Wakati huohuo simu ikaita. Alikuwa mama yangu mzazi, Same. Mama yangu ni Msabato wa Upareni wa zile familia za kuimba kwa sauti nne, na pombe kwake ni neno linalosemwa kwa kunong'ona. Kwanini alishaipokea. "Bibi, shikamoo. Baba yupo. Anachemsha ndizi." Kimya kidogo. "Eeh. Nyingi sana." Kimya. Akafunika simu kwa kiganja: "Bibi anauliza ni mtori?" Mimi, Mkaguzi, Mangi na Voltiji tukaitikia kwa vichwa kwa pamoja, umoja ambao haujaonekana tena nyumba hii. "Ndiyo bibi, mtori."

Basi tukawasha. Namba nyekundu zikaanza kupanda: 31, 38, 46. Voltiji alisimama pembeni mikono kiunoni akipokea pongezi ambazo hakuna aliyezitoa. Mpaka nyuzi 70 mambo yalikuwa mazuri. Kisha ikaja harufu, na ya pili ikaifuata kabla hatujaijua ya kwanza.

Ya kwanza ilitoka kwenye kisanduku. Rilei ile haina kelele, lakini ina joto: kila ampia inayopita inaacha kama wati moja ndani yake, kwa hiyo ampia 13 ni wati 13 na zaidi, na dawa yake ni kuifunga kwenye kipande cha alumini chenye mapezi ili joto litoke. Mapezi yalinunuliwa. Voltiji aliona yanakaa vizuri zaidi kwenye redio ya pikipiki yake. Rilei akaifunga kwenye ubao, ndani ya kontena la plastiki la kubebea chakula cha shule. Na jua hili kuhusu rilei za aina hiyo: mara nyingi zikifa hufa mlango ukiwa wazi. Kisanduku kikaandika kimezima, koili ikaendelea kuwaka vilevile. Injinia ndiye aliyefika kwenye breka, akaishusha kwa ufagio kama alivyofundishwa.

Harufu ya pili ilikuwa ndizi. Ndizi iliyopikwa ni nzito, haizunguki kama maji. Ile iliyogusa koili inabaki palepale, inaungua, inatengeneza gamba, na gamba linazidi kuunguza. Pazia nalo lilikuwa limeegemea koili. Tulipolivuta, lilitoka na tundu jeusi la duara, saizi ya bakuli, pale ambapo zamani palikuwa na ua.

Mkaguzi Mkuu hakusema neno. Alichukua pembe moja ya pazia kwa vidole viwili, akaitazama, akaiachia, akaenda kulala saa moja na nusu jioni.

Mangi ndiye aliyebaki. Alivuta kigoda, akachungulia sufuriani na jicho lake jipya, akachovya mwiko, akanusa. "Yesu, Maria na Yosefu," akasema. Kisha akasema jambo la maana kuliko yote niliyosikia Reading na Gerezani: "Hiki chuma kinataka nini ndani ya chakula? Kitoe. Kipe maji yake."

Akaenda mwenyewe stoo, akarudi na sufuria la pili, dogo kidogo, akalitumbukiza ndani ya lile kubwa. Maji na koili nje, ndizi ndani. Koili inachemsha maji, maji yanapika ndizi, hakuna kinachogusa chuma, hakuna kinachoungua, hata mwiko unapumzika. Voltiji akarudisha mapezi ya rilei kimyakimya. Tuliweka 97 ili maji yasitibuke bure na kupoteza uniti kwa mvuke. Ndizi zikapikwa usiku ule bila moshi hata wa kuwasha jicho la kuku. Saa sita Mangi alikuwa bado ameketi pale akizitazama namba nyekundu zikicheza kati ya 96 na 97, na mimi niliyeunda mtambo nikaambiwa nikalale, kesho nina kazi.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heshima, lakini binamu alisema uji wa kimea unatakiwa upoe haraka. Kwa ajili hiyo kuna kifaa: bomba la shaba lililoviringwa, unalitumbukiza kwenye uji wa moto na kupitisha maji ya baridi ndani yake. Fundi friji akaniuzia bomba. Ili likunjike duara zuri nililizungusha kwenye mtungi wa gesi, nikaliosha kwa limao likang'aa, nikalitundika kwenye kamba ya nguo likauke, kati ya sare za shule.

Uji ulipoa, tukachanganya, na jioni ya kesho yake mjumbe akagonga. Mjumbe wetu ni mstaafu, mpole, na anapenda kuanza mbali. Aliuliza afya ya mama. Aliuliza shule za watoto. Aliuliza kama mvua zilituharibia ukuta. Halafu, akitazama dari: "Kuna mtu amesema ameona mrija wa shaba."

Sote tunajua mrija wa shaba unamaanisha nini mtaani. Gongo hutengenezwa kwa kuupitisha mvuke kwenye mrija wa hivyo, na gongo ni kesi. Nikamweleza kwa utulivu kwamba kwangu ni kinyume chake: kwenye gongo mvuke uko ndani ya mrija na maji ya baridi nje, kwangu maji ya baridi yako ndani na uji uko nje. Kadiri nilivyofafanua ndivyo mjumbe alivyozidi kunitazama kama mtu anayeijua kazi hiyo vizuri mno.

Mangi alitoka chumbani na miwani yake myeusi. "Mjumbe," akasema, "mimi ni Mkatoliki wa Kibosho. Gongo ni ya watu wasio na ndizi."

Akamkaribisha kiti. Mbege ilikuwa imefikisha siku yake, nzito, ina povu la ulezi juu, chachu yake inapiga kwanza kwenye taya kabla ya kushuka. Mjumbe alionja kidogo kwa niaba ya serikali. Aliondoka baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, ambayo jirani wa ng'ambo naye alikuwa akiitazama.

Tangu hapo mtambo si wangu. Mkaguzi Mkuu aligundua kwamba ukiweka namba 42 na maziwa kwenye sufuria la ndani, mtindi unaganda bila kubahatisha, na sasa majirani wanaagiza. Kwanini anaogea maji ya nyuzi 38, si 37, si 39, na analia zikikosewa. Mama yangu wa Same alisikia kuna sufuria lisilounguza, akatuma gunia la tangawizi kwa basi na maagizo ya kulichemsha, pamoja na neno kwamba siku ya Sabato chombo kipumzike. Kwenye friji kuna ratiba imebandikwa, kwa mwandiko wa kihasibu, yenye rangi. Mimi nimo kwenye safu ya "kuosha".

Nilichobaki nacho kilikuwa tumaini moja, kwamba Mangi amepona na siku ya kurudi imekaribia. Alitaka kuondoka na mtambo. Nilikubali haraka, nikatoa hata boksi la kuufungia. Ila kwa uaminifu wa mtu aliyeunda kitu, nikaona nimweleze tofauti ya mlimani: kule juu maji huchemka kabla ya kufika 97, pengine yakifika 95 tu, kwa hiyo kisanduku kitasubiri joto lisilokuja, koili itawaka bila kuzima, na uniti zitakwenda zote.

Mangi alisikiliza kwa makini hadi mwisho.

"Kwa hiyo kule haufanyi kazi."

"Bibi, si unaweka tu tisini na ..." Injinia alianza. Mangi alimgeukia. Injinia akakumbuka ana mtihani wa Kemia.

"Mwanangu asingenidanganya," Mangi akasema, akinipigapiga begani. "Basi nitakaa hukuhuku penye maji yanayochemka sawasawa. Mwambie Voltiji ampigie kaka yake alete debe jingine la ulezi."

"Na pazia," Mkaguzi akasema kutoka jikoni.